Siku tano Alabama na ovaroli tatu za baba

Hii ni wiki ya sita tangu nirudi na ndo kwanza nimekaa kuandika, sababu muda wote nilikua namalizia kushona. Daftari la safari lililowa chai ukurasa wa tatu, kwahiyo sehemu nyingine nimezipata kwa kuangalia picha kwenye simu na saa zilizopigwa. Bei nikikosea itakua kwa dola moja mbili hivi.

Nianze na kilichonipeleka. Mimi nashona kwilti, yani lile blanketi la viraka lenye tabaka tatu, juu viraka, katikati pamba, chini kitambaa kizima, halafu zote unazishika pamoja kwa mshono wa mkono. Na nashona zile za kubuni hapohapo, sichori kwanza, sina karatasi ya vipimo, naweka kipande kimoja naangalia kinataka nini pembeni yake. Nimeshashona safari zangu nyingi hivo, ya kuhama nyumba, ya kulazwa hospitali, ya basi la usiku kucha. Sasa mwaka jana baba alistaafu. Alikua fundi kwenye karakana ya reli, na siku ya mwisho alirudi na ovaroli zake tatu za bluu akaniwekea mezani, "Mama, wewe si ndo unapenda vitambaa, chukua, mimi sizivai tena." Zikakaa kwenye begi miezi saba. Kila nikishika mkasi mkono unagoma.

Mdogo wangu anaishi Atlanta, na kutoka kwake mpaka Gee's Bend ni mwendo wa masaa manne na ushee kwa gari. Gee's Bend kwenye ramani rasmi inaandikwa Boykin, iko kaunti ya Wilcox, jimbo la Alabama, mto Alabama umekizunguka kijiji pande tatu. Wanawake weusi wa pale, wajukuu na vitukuu vya watu waliofanyishwa utumwa kwenye shamba la pamba, wameshona kwilti vizazi na vizazi kwa nguo za kazi zilizochoka, jinzi, ovaroli, magunia ya unga, chochote kilichokuwepo. Mwaka 2002 zilitundikwa kwenye jumba la sanaa Houston, mwaka huohuo zikaenda Whitney kule New York, na 2006 posta ya Marekani ikazitoa kwenye stempu. Moja nimeiangalia kwenye simu mpaka naijua kwa moyo, ya Missouri Pettway, ya 1942. Alifiwa na mume, akachukua nguo zake za shambani akazishona kwilti ya kujifunika. Baba yangu mimi yupo hai na anapiga simu kila siku, namshukuru Mungu, ila nikasema kama kuna mahali duniani nitajifunza kukata hizi ovaroli ni pale.

Nikajiwekea masharti mawili tu. Kila jioni nishone kile siku imeleta, na nikishashona sifumui. Muundo nitatumia ule wanaouita Housetop, paa la nyumba, unaweka kipande katikati halafu unakizungushia vipande virefu pande nne, unazungusha tena, na tena, mpaka kwilti iishe. Rula nimeiacha nyumbani kwa makusudi.

Kwa atakayefuata: kwenye ndege za Marekani mkasi wenye makali yasiyozidi inchi 4 kuanzia pale kwenye msumari wake unaruhusiwa begi la mkononi, na sindano pia hawana shida nazo. Kile kisu cha gurudumu cha kukatia vitambaa kiweke begi la kupakia chini la sivyo kitabaki uwanjani. Mimi nilibeba mkasi mdogo, sindano nene za jinzi, subana mbili, uzi mweupe na uzi wa bluu, chaki, na zile ovaroli. Vitambaa vingine nilitaka nivipate njiani.

Siku ya 1, Jumatatu. Atlanta mpaka Montgomery

Tumeondoka saa mbili asubuhi, mdogo wangu anaendesha sababu mimi nimezoea kushoto na wenzetu huku wanaendesha kulia, barabara ya I-85, kama km 260, pana na imenyooka, hamna cha kusimulia. Ila kumbuka, ukivuka mpaka wa Georgia kuingia Alabama saa inarudi nyuma lisaa limoja. Sisi tulisahau, tumefika tunadhani chakula cha mchana kimekaribia kumbe watu bado wanakunywa chai.

Chakula chenyewe: samaki kambare wa kukaanga kwa unga wa mahindi, mkate wa mahindi, na mboga wanaita collard, nimeonja ni sukuma wiki kabisa, ila wao wanaichemsha muda mrefu na nyama mpaka inalegea. Dola 14 sahani, inatosha watu wawili wasio na njaa kali. Mama aliyetuhudumia alivosikia tunaongea akauliza ni lugha gani, tukamwambia, akaenda kumuita mpishi aje asikie. Tukamsalimia mpishi kwa Kiswahili, akajibu kwa kutuongezea mkate.

Mchana tukaenda ule ukumbusho wa watu walionyongwa na makundi ya wazungu, ulifunguliwa 2018. Ni zaidi ya nguzo 800 za chuma kilichoshika kutu, kila nguzo ni kaunti moja, na majina ya waliouawa yamechongwa humo. Unapoingia nguzo ziko usawa wa macho yako, unatembea, sakafu inashuka taratibu, na bila kushtuka unajikuta zinaning'inia juu yako na wewe umeinua shingo. Mdogo wangu alishika mkono wangu tangu kona ya pili na hatukuongea mpaka garini. Sitaandika zaidi ya hapo. Nendeni, mjipe masaa mawili, na msipange kitu kingine jioni.

Hoteli dola 82, meza ndogo na taa nzuri. Nikatoa ovaroli ya kwanza nikaitandaza kitandani. Kukata sikuweza. Nikasema ngoja nianze na kufumua tu, kufumua sio kukata, nikachukua ncha ya mkasi nikaanza na mfuko wa kifuani, wa kushoto, uzi mmoja mmoja. Ulivotoka nilikaa chini. Ovaroli nzima imepauka, bluu ya anga, imefuliwa miaka na miaka, lakini pale mfuko ulipokuwepo kitambaa ni bluu iliyokolea kama siku iliponunuliwa. Mstatili mmoja, na pembeni tundu ndogondogo za sindano zimepanga mstari. Nimeiona hiyo kwenye kwilti za Gee's Bend, vivuli vya mifuko na viraka vya magoti vilivyotolewa, nikawa nadhani ni vitambaa viwili tofauti vimeunganishwa. Kumbe ni kitambaa kimoja, jua na sabuni ndo vimekigawa.

Saa tatu usiku baba kapiga, kwake saa kumi na moja alfajiri, ameshaamka kama kawaida.

"Umekata?"

"Bado baba, nimetoa mfuko tu."

"Haya. Kata basi, mama. Nguo ya kazi haiogopwi."

Nikakata. Nilikata kwa macho kuuzunguka ule mstatili, nikaacha vidole vitatu vya kitambaa kilichopauka kila upande, kimetoka kimepinda upande wa kulia na nikakiacha kipinde. Hicho ndo katikati. Mzunguko wa kwanza nikatumia kitambaa cha rangi ya kutu, ni kitenge nilichoshonea gauni la mahafali nikabakiwa na kipande, nilikibeba bila kujua nakibebea nini.

Siku ya 2, Jumanne. Montgomery mpaka Selma

Barabara ya 80, maili 54, kama km 87. Hii ndo barabara watu walitembea Machi 1965 kudai haki ya kupiga kura, walitoka Selma tarehe 21 wakafika Montgomery tarehe 25. Sisi tunaenda kinyume chao na kwa gari, dakika hamsini na kitu. Nilimuomba mdogo wangu asimame sehemu tatu hivi pembeni, sio kwa ajili ya picha, nilitaka kusimama tu nione ukubwa wa ile nchi. Malisho, miti, malisho. Siku tano kwa miguu hapo, usiku mnalala kwenye mahema shambani.

Selma tumefika mchana. Daraja la Edmund Pettus tumelivuka kwa miguu kwenda na kurudi. Linapanda katikati kama mgongo, ukiwa unaanza upande wa mjini huoni kabisa kinachokusubiri ng'ambo, mpaka ufike juu. Tarehe 7 Machi 1965, walipojaribu mara ya kwanza, waliofika pale juu ndo wakawaona askari waliokuja kuwazuia. Hilo nilikua nimelisoma, ila ule mpando uliujua mguu wangu kabla sijaufikiria, na usiku ndo ulinifanya nikashona vile nilivoshona.

Kwenye duka la mitumba nikapata suruali tatu za kodrai, dola 3 kila moja, moja ya kahawia, moja kijani cha parachichi, moja rangi ya dhahabu iliyozeeka. Nilifurahi mpaka muuzaji akauliza kama nafungua duka. Kodrai ina historia yake kule, 1966 wanawake wa eneo lile walianzisha ushirika wa kushona, Freedom Quilting Bee, na 1972 wakapata mkataba wa kuwashonea Sears, kampuni kubwa ya maduka, foronya za mito ya kodrai. Yale mabaki ya kukatia yakaenda majumbani, ndo maana kwilti nyingi za miaka hiyo zina ule mng'ao wa mistari, kijani, dhahabu, kahawia, nyekundu. Walitumia kilichodondoka mezani.

Usiku nikashona mzunguko wa pili. Upande mmoja nilitaka mpando, kwahiyo kipande nikakikata chembamba mwanzoni kinapanuka katikati halafu kinapungua tena. Sasa hapo kuna kazi. Ukishona ukingo uliopinda kwenye ukingo ulionyooka kitambaa kinavimba katikati, hakilali. Wengine wanapiga pasi ya nguvu na kujidanganya, ukifua kinavimba tena. Dawa ni kabari: unachana pale palipovimba, unaondoa pembe tatu nyembamba, au kama ukingo unavuta na kukaza unaongeza pembe tatu ya kitambaa kingine. Mimi niliondoa mbili na kuongeza moja ya dhahabu, na ile moja ya dhahabu ndo kitu cha kwanza watu wanakiona wakiangalia kwilti. Nafasi ya mshono weka robo inchi kwa pamba nyepesi, ila jinzi na kodrai ukiweka robo zinafumuka, weka karibu nusu, na usilaze mishono yote upande mmoja, ifungue ilale pande mbili la sivyo sindano haitapita baadae.

Baba alipiga nikamtumia picha. Akasema daraja halionekani. Nikamwambia hatakiwi kuliona, anatakiwa aone mpando. Akakaa kimya kidogo, akasema sawa, sasa naona.

Siku ya 3, Jumatano. Selma, Camden, na njia ndefu

Hii siku ndo yenyewe.

Ukitoka Selma kwenda Gee's Bend njia fupi ni kwenda moja kwa moja mpaka kijiji kinaitwa Alberta halafu unashuka barabara ya kaunti namba 29, haina haja ya kuvuka mto. Tuliambiwa hivo hotelini. Ila mimi nilitaka kuingia kwa kivuko kutoka Camden, sababu ya historia yake. Mwaka 1962, watu wa Gee's Bend walipoanza kwenda Camden kujiandikisha kupiga kura, kivuko kiliondolewa. Camden ndo makao ya kaunti, ofisi zote ziko kule, ng'ambo ya mto. Kikarudi 2006. Miaka 44. Kwahiyo nikasema siwezi kufika nikaingilia mlango wa nyuma.

Tukachukua barabara 41. Kama nusu ya njia hivi tairi la nyuma likapasuka. Mdogo wangu akafungua buti, tairi la akiba lipo, halina upepo. Mtandao unakuja na kuondoka. Tulikaa pale dakika arobaini, magari manne yakapita, la tano likarudi nyuma. Mzee wa miaka sabini na kitu na pikapu ya zamani, kofia imepauka kama ovaroli za baba. Hakuuliza tunatoka wapi, aliangalia tairi kwanza. Akatoa jeki yake, akafungua tairi, akalirusha nyuma ya pikapu akasema anaenda kwa fundi anayemjua na atarudi. Akaondoka na tairi letu. Mdogo wangu akaniangalia, nikamwambia tukae.

Nikatoa ushonaji nikakaa kwenye nyasi. Mbali kidogo na barabara jamani, na angalieni siafu, kule wapo wekundu wadogo wanauma vibaya sana, miguu yangu ilijaa malengelenge siku nne.

Karibu masaa mawili ndo mzee karudi, tairi limezibwa, na mfuko wa karanga za kuchemsha bado za moto. Fundi kachukua dola 15, mzee risiti anayo, akakataa hata senti ya mafuta. Wakati anakaza nati nikamuuliza kuhusu kivuko. Akasema shangazi yake aliishi upande wa Gee's Bend, na enzi hizo ambazo kivuko hakipo, yeye akiwa kijana, walikua wanauona moshi wa ng'ambo kutoka ukingoni lakini kwenda kumsalimia ni safari ya saa nzima kwa gari, na gari lenyewe la kuazima. "Mto ni huohuo," akasema, "barabara ndo waliirefusha." Niliandika hilo kwenye daftari palepale kabla hajaondoka. Akaona ovaroli mapajani mwangu, akashika kitambaa kati ya vidole viwili, akatikisa kichwa kukubali.

Tumefika Camden kivuko cha muda wetu kimeshaondoka, na kinachofuata kingetupeleka jioni sana bila pa kulala. Sasa unafanyaje. Tukazunguka. Kutoka Camden, unavuka mto kwa daraja mbali, unapanda mpaka Alberta, unashuka 29, karibia maili 40, km 64 hivi, saa nzima, kufika mahali ambapo kwa kivuko ni dakika kama kumi na tano. Nilikaa kimya njia nzima. Tuna gari zima, tuna karanga, tuna mafuta, na bado nilichoka. Nikafikiria mtu anaumwa. Mtu anataka kusaini karatasi moja tu ofisini halafu arudi shambani.

Barabara 29 inaishia mtoni, haiendi kokote kwingine. Njiani kuna mabango makubwa yamechorwa kwilti maarufu za pale, unashangaa porini kabisa unakutana na rangi namna ile. Kijiji kimetawanyika, nyumba hapa, nyumba kule. Sisi hatukuona hoteli wala kituo cha mafuta, jazeni Camden au Selma, bebeni maji na chakula, na picha za ramani zipakueni kabla. Na pigeni simu mapema kama mnataka kukutana na washonaji, ni watu wana maisha yao, sio maonyesho.

Sisi tulikua tumepiga na tulikua tumechelewa masaa matatu, nikaomba radhi mpaka nikaambiwa inatosha. Bibi aliyetupokea simtaji jina, hakunipa ruhusa na sikumuomba. Alikua anashona, ameshona tangu yuko mtoto chini ya meza ya mama yake anapitisha sindano kutoka upande wa chini. Akasema wakati ule kwilti haikua pambo, nyumba zilikua na nafasi kati ya mbao, ukuta umebandikwa magazeti, baridi inaingia, unahitaji kwilti tatu nne juu ya mtoto mmoja. Mwaka 1932 mjane wa mfanyabiashara aliyekua anawakopesha alituma watu wakabeba kila kitu, ng'ombe, majembe, mahindi, mpaka kuku, kufidia deni. Hilo nililijua kwa kusoma. Yeye alilisimulia kama kitu alichosikia jikoni kwao, anataja hadi viazi vitamu vilivyochukuliwa.

Nikamuonyesha kazi yangu. Aliitandaza mezani akailainisha kwa kiganja, akageuza upande wa nyuma kwanza, akaangalia mishono, akarudi mbele. Akaweka kidole kwenye ule mstatili wa bluu.

"Wa nani?"

"Wa baba yangu."

"Bado anafanya kazi?"

"Amestaafu."

Akacheka kwa furaha, "Basi mfuko nao umepumzika, mwanangu."

Nikamuuliza anajuaje kipande kinachofuata kiwe na ukubwa gani bila rula. Hakunijibu kwa maneno. Alichukua mguu wa suruali, akachana kwa mikono, akauweka pembeni ya kazi aliyokua nayo, ulikua mfupi kama kiganja. Mimi ningetafuta mwingine. Yeye akachana kipande chekundu akakiunga mwishoni, na kwilti nzima ikageukia pale, yani jicho lote likaenda kwenye ule upungufu. Akasema, "Kikikosekana weka kingine, ila usikifiche." Halafu akaenda kutuchemshia chai.

Nilinunua kishikio cha sufuria cha kwilti, dola 30. Kwilti kubwa za kitandani za washonaji wa pale zinaweza kufika maelfu ya dola na zinastahili kabisa, miezi ya kazi ya mtu iko pale. Msiende kupunguziwa bei, tafadhali.

Tumelala Camden, tumefika usiku. Baba kapiga tukiwa barabarani nikamsimulia habari ya tairi, akauliza maswali mengi kuhusu jeki ya mzee kuliko kuhusu mimi. Mzunguko wa tatu nilishona mpaka saa sita: pande tatu ni fupi, upande wa nne nikaunga mguu mzima wa ovaroli kuanzia nyonga mpaka pindo la chini, mrefu kupita kiasi, unatoka nje ya mraba kabisa. Sikuukata. Kipande kilipoishia nikaanza kuzungushia mengine kuufuata wenyewe. Kwilti ikaacha kuwa mraba usiku huo.

Siku ya 4, Alhamisi. Kivuko

Asubuhi tukawahi. Kivuko cha sasa kinatumia umeme, kilibadilishwa 2019, kwahiyo hakingurumi, unasikia maji tu na mnyororo unapogonga chuma. Mto ni mpana, kahawia ya kijani, ukungu ulikua bado haujaondoka. Dakika zile ni chache mno. Nilikua nimejipanga kupiga picha nyingi nikapiga moja, ya viatu vyangu na mstari wa maji nyuma yake. Tulikaa ng'ambo mpaka kivuko kinachorudi, bibi hatukumsumbua tena, tukatembea tu karibu na maji. Kulikua na baba mmoja anavua samaki akatuambia upande upi kuna nyoka.

Ratiba inabadilika kwa siku, na upepo au maji yakizidi hakivuki, kwahiyo piga simu asubuhi hiyohiyo, usitegemee uliyoiona wiki iliyopita.

Mzunguko wa nne: kodrai ya kahawia na ya kijani zimeshonwa kwa mlalo ili mistari yake iende kama maji, kipande kifupi kabisa, upana wa kiganja, kinagusana na ule mguu mrefu wa ovaroli. Vimekaa pamoja. Yeyote akiniuliza maana nitamuonyesha kwa kidole, huku ni dakika kumi na tano, huku ni saa nzima.

Siku ya 5, Ijumaa

Camden, Montgomery, Atlanta, mvua njia nzima, saa ikasonga mbele tena lisaa limoja. Mafuta ya safari yote dola 96. Nilishona kwenye gari, mshono wa siku hiyo umepinda na umebaki umepinda. Ukiwa Atlanta uliza jumba la sanaa la High kama kwilti zimetundikwa wakati huo, 2017 walipata kazi 54 za wasanii weusi wa kusini na kwilti za Gee's Bend zikiwemo.

Nyumbani

Tabaka tatu nilizitandaza sakafuni sebuleni, nikazipiga bandi kutoka katikati kwenda nje, ukianzia pembeni pamba inajikusanya katikati na hakuna namna ya kuirekebisha. Mshono wa kushikiza nimepiga kwa uzi mweupe, mistari inafuata ukingo wa kila kipande, haijapimwa. Mahali jinzi imekutana na kodrai mikunjo minne nilivunja sindano tatu, baadae nikajifunza kutoboa kwanza kwa sindano nene halafu ndo napitisha yenye uzi. Imetoka kama sm 150 kwa 190 upande mrefu, na ile kona ya mguu wa ovaroli inatokeza zaidi ya hapo. Doa la grisi kwenye goti halikutoka hata baada ya kufua mara mbili na nimeacha kujaribu.

Jumamosi iliyopita nimempelekea baba. Alivaa miwani. Aliitandaza mwenyewe kwenye kochi, akatafuta pa kuanzia, akafuata kwa kidole kutoka kutu mpaka mpando, akasimama kwenye kabari ya dhahabu, akaenda mpaka mwisho wa mguu wa ovaroli akarudi kwenye maji. Halafu akaweka kiganja juu ya ule mstatili wa bluu iliyokolea, kikaenea sawasawa.

"Hapa ilikua inakaa spana namba 13," akasema. "Namba 14 nilikua naiweka mfuko wa kulia. Wa kulia umeuweka wapi?"

Nikamwambia upo baba, kwenye ile ovaroli ya tatu, bado sijaigusa.

"Haya," akasema, akajifunika magoti.